Nunda Hakutoka Mbali: Wahusika wa Njozi katika Ngano Zetu

Kuna dai moja ambalo nimelisikia mara nyingi katika madarasa ya chuo kikuu, na ambalo walimu wa shule za upili hapa kisiwani Mombasa wameniambia kuwa nao hulisikia: kwamba Kiswahili hakina fasihi ya njozi. Wanafunzi wanaolitoa dai hili si wajinga wala si wavivu. Wengi wao ni wasomaji hodari. Wamemsoma Tolkien, wamemsoma Rowling, na wanamjua Gandalf na Dumbledore kama wanavyowajua ami zao. Ukiwataka waandike insha ya kubuni, utakuta humo joka litemalo moto, kasri juu ya mlima wenye theluji, na mchawi anayepaa juu ya ufagio. Mwandishi wa insha hiyo huenda anakaa Kibokoni, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, ngome ya mawe ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Theluji hajapata kuiona. Na ufagio wa kwao ni wa chelewa, ambao hauwezi kumbeba hata paka.

Sina ugomvi na vitabu vya wageni. Asomaye ya watu huyaelewa zaidi ya kwake, na mwalimu anayemnyang'anya mwanafunzi kitabu kwa kuwa kimeandikwa London hajui kazi yake. Ugomvi wangu ni na dai lenyewe. Si kweli, na tena lina madhara. Si kweli, kwa sababu kila mhusika wa njozi ambaye mwanafunzi humwona katika vitabu hivyo ana mwenzake katika ngano za mwambao huu. Lina madhara, kwa sababu mhusika wa ngano si pambo la kuwalaza watoto tu. Ni kiolezo ambacho kwacho jamii huwapima watu walio hai. Jamii isiyovichunguza violezo vyake huweza kuvitumia vibaya, na matumizi hayo mabaya, kama nitakavyoeleza, yamekwisha kumwaga damu.

KIKALE NI NINI?

Tuanze na istilahi. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Jung, alishikilia kwamba akilini mwa binadamu wote mna picha za kale zinazojirudia katika ndoto, dini na hadithi: mama mlezi, mzee mwenye hekima, laghai, adui aliyejificha gizani. Katika uhakiki wa Kiswahili picha hizi huitwa vikale. Kabla ya nadharia hiyo kuenea, Mrusi Vladimir Propp alikuwa amelishughulikia jambo hili kwa njia ambayo sisi wanaisimu huipenda zaidi, kwa kuwa yeye hakuanza na ndoto bali na matini. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1928 alichambua ngano mia moja za Kirusi. Akaona kwamba, ijapokuwa majina na mavazi hubadilika, majukumu ya wahusika ni saba tu: mwovu, mfadhili, msaidizi, binti mfalme pamoja na babaye, mtumaji, shujaa, na shujaa wa uongo. Mwaka 1949 Mmarekani Joseph Campbell naye alidai kuwa mashujaa wote duniani husafiri safari moja: huondoka kwao, hujaribiwa, kisha hurudi na tunu.

Nadharia hizi zina faida. Zinampa mwanafunzi macho ya kuona mifupa iliyo chini ya ngozi. Hatari yake ni kwamba huweza kutufanya tuione mifupa pekee. Kusema kwamba sungura ni mjanja, fisi ni mlafi na zimwi ni katili, kisha tukafunga daftari, si uhakiki. Ni orodha ya duka. Swali lenye uzito ni hili: kiolezo kilichozagaa dunia nzima kilipofika kwetu, sisi tulikifanya nini?

PAKA WA SULTANI

Jibu zuri limo katika ngano zilizokusanywa Unguja na Edward Steere, mmishonari ambaye baadaye alikuwa askofu huko, na ambazo zilichapishwa London mwaka 1870. Mojawapo ni kisa cha Sultani Majinuni. Sultani huyu alikuwa na wana saba. Alikuwa pia na paka. Paka akala ndama, Sultani asifanye lolote. Akala wanyama wakubwa zaidi, watu wakalalamika, Sultani akawafukuza na kumtetea paka wake. Akaingia msituni, akawa anakula watu, na bado Sultani akamtetea. Ni mpaka wana wa Sultani mwenyewe walipoliwa ndipo baba alipotambua kuwa yule si paka tena bali ni nunda, mla watu.

Aliyekwenda kumwua hakuwa jemadari. Alikuwa mwana wa saba, kijana aliyekaa jikoni na aliyedharauliwa na baba yake. Naye hakumpata nunda siku ya kwanza. Aliua mnyama mmoja akamletea mama yake, akaambiwa huyu siye. Akaua mkubwa zaidi, akaambiwa siye. Aliua twiga, kifaru, hata tembo, na kila mara mama akakana, mpaka kijana alipojifunza kuzisoma alama za nunda na kumkuta alikolala.

Wapenzi wasomaji, liwekeni jambo hili kando ya lile joka la Tolkien liitwalo Smaug, katika riwaya ya mwaka 1937. Joka lile lilitoka mbali kaskazini, likauvamia mlima na kuikalia dhahabu ya watu. Uovu ni mgeni. Ukimwua mgeni, nyumba husafika. Nunda hakutoka mbali. Alilelewa sebuleni, akalishwa kwa mkono wa mtawala, na kila alipozidi kula ndivyo mtawala alivyozidi kumkingia kifua. Katika majedwali ya Propp, mfalme humtuma shujaa dhidi ya mwovu. Katika ngano hii mfalme ndiye mfugaji wa mwovu, na majedwali yanalegea.

Kuna la pili. Kijana yule alikuwa na nguvu za kumwua tembo, lakini nguvu hizo hazikumfaa kitu kabla hajajua sura ya adui wake. Mnyama mkubwa si lazima awe ndiye mwovu. Sijui kama kuna somo la uraia linalolisema jambo hili vizuri zaidi. Mwanafunzi anayeipita ngano hii akidhani ni ya watoto wa chekechea ameacha lulu ufukweni akaokota kombe.

Katika mkusanyiko huohuo kuna kisa cha maskini Haamdani, aliyekuwa akipekua jaa akitafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumuni, akanunua paa. Paa yule akazungumza, akamtafutia bwana wake mke, akamwua nyoka mwenye vichwa saba, akampatia nyumba na mali. Msomaji wa hadithi za Ulaya atamkumbuka papo hapo paka mwenye viatu katika ngano iliyochapishwa na Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697. Msaidizi ni yuleyule. Lakini paka wa Perrault huishia kuwa mheshimiwa mkubwa na hadithi ikafungwa kwa furaha. Yetu haifungwi hapo. Paa anaugua, anaomba uji, na bwana aliyetajirishwa naye anaamuru apewe chakula kibovu. Paa anakufa. Haamdani anazinduka na kujikuta juu ya jaa lilelile. Msaidizi wa ajabu wa dunia nzima, alipopita kwetu, alitiwa swali ambalo Perrault hakuliuliza: je, aliyesaidiwa alilipa nini?

PAPA NA JAHAZI

Mtu ataniuliza: je, ngano hizi ni zetu kweli, au ni za Waarabu na Wahindi? Swali hili huulizwa kana kwamba likijibiwa hadithi itafutika. Mtazame kima, ambaye alikuwa akimtupia papa matunda ya mkuyu. Papa akamwalika kwake. Walipofika kati ya bahari papa akamwambia kuwa sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwa utulivu kwamba wao kima huacha mioyo yao mitini, basi na warudi wakaichukue. Kisa hiki kimo katika Panchatantra ya Bara Hindi, na huko mnyama wa majini ni mamba. Kimo katika Kalila wa Dimna, kitabu kilichofasiriwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, na huko ni kobe. Kwetu ni papa.

Asimame mtu penye Bandari ya Kale, pale majahazi yalipokuwa yakitia nanga kwa pepo za kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, ataelewa mambo mawili pamoja. Hadithi ilikuja na bidhaa nyingine, haina haja ya kuficha asili yake. Lakini iliposhuka forodhani ilivalishwa, na waliomvalisha yule mnyama ngozi ya papa ni watu walioijua bahari hii. Abunuwasi vilevile. Alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid. Huku mwambao akawa laghai wetu, mnyonge anayemshinda sultani kwa ulimi. Kukopa si aibu katika fasihi. Aibu ni kukopa bila kukifanya kitu kilichokopwa kiwe chako, na hilo ndilo kosa la joka la insha niliyoitaja.

Vivyo hivyo kwa shujaa. Fumo Liyongo hakudhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Wagiriki wana Achilles na kisigino chake, Wajerumani wana Siegfried na mgongo wake. Kiolezo ni kimoja. Jambo letu ni mkono ulioishika sindano: ulikuwa mkono wa mwanawe, na masimulizi mengine husema wa mpwa wake, aliyeahidiwa binti wa mfalme. Naye Liyongo alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, hata watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mji uliomtoa shujaa wake ukashikwa na kiu.

SARUFI YA MAZIMWI

Niruhusiwe sasa kusema kidogo kuhusu taaluma yangu, kwa kuwa lugha yenyewe huwapanga wahusika hawa kabla mhakiki hajafika. Kila mwanafunzi anajua kwamba katika Kiswahili sanifu jina la kiumbe mwenye uhai hupatanishwa kwa A-WA, hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Twasema kijana amekuja, kipofu ameketi. Hatusemi kijana kimekuja, ila kwa dharau. Basi sikiliza methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Haisemi akujuaye. Zimwi lina kinywa, lina njaa, lina hata kumbukumbu ya nani linamjua, lakini sarufi imelinyima cheo cha utu. Ndivyo ilivyo kwa jitu, ambalo kwa asili ni mtu aliyekuzwa kupita kiasi: mtu amekuja, jitu limekuja.

Msimulizi hodari huujua ufundi huu hata kama hajui jina lake. Iko ngano ya binti mrembo anayewakataa wachumba wote wa mji, kisha akamkubali mgeni mzuri asiyejulikana kwao. Mgeni alikuja, akaposa, akaoa, yote kwa A. Wakifika msituni, zimwi likajifunua, likatoa meno, likanguruma, yote kwa LI. Hakuna haja ya kueleza kwamba mume si mtu. Kiambishi kimekwisha kusema, na mtoto wa miaka mitano ameogopa. Nawasihi walimu wa sarufi na walimu wa fasihi, ambao mara nyingi ni mtu mmoja mwenye vipindi viwili, walifundishe jambo hili mahali pamoja. Mwanafunzi aliyechoshwa na majedwali ya ngeli ataamka akiona kuwa ngeli ndizo zinazomtenga mtu na zimwi.

Hapa pia ndipo ilipo hatari. Lugha inayoweza kulinyima zimwi utu yaweza kumnyima binadamu vilevile. Mtu anaposema kuhusu jirani yake, lile jizee limepita, hajatumia ukubwa wa kisarufi tu. Amemhamisha jirani kutoka orodha ya watu na kumtia katika orodha ya mazimwi.

KIZEE NA JIZEE

Katika ngano zetu kuna mhusika ambaye si mrefu wala si mashuhuri: kizee anayekutwa njiani. Iko aina ya ngano, inayosimuliwa sana barani Afrika na kwingineko, ya wasichana wawili wanaokutana naye kwa zamu. Ana vidonda, ana tongo machoni, anaomba kuogeshwa au kusuguliwa mgongo. Wa kwanza anamsaidia bila kinyaa, naye anaelekezwa penye mali. Wa pili anamcheka, naye anarudi na nyoka katika kapu. Ndugu Grimm wa Ujerumani waliichapisha ya kwao mwaka 1812, wakamwita mwanamke huyo Frau Holle. Kizee ndiye mfadhili wa Propp. Sura yake inayochukiza ndiyo mtihani wenyewe, na anayeishia kwenye sura ameanguka.

Huyu ndiye kizee wa kale. Lakini leo mtoto wetu akiambiwa amchore mwanamke mzee katika hadithi ya njozi, humchorea pua ya ndoano na kofia yenye ncha, na jina lake huwa mchawi. Huenda mtu akaona hili ni dogo. Mimi silioni dogo. Si mbali na kisiwa hiki, katika Kilifi na Kwale, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na miongoni mwa yaliyotajwa kuwa ushahidi ni mvi na macho mekundu. Imeripotiwa mara kwa mara kwamba nyuma ya tuhuma hizo kuna ugomvi wa ardhi na urithi. Huko Kaya Godoma, katika eneo la Ganze, kaunti ya Kilifi, wazee waliokimbia jamaa zao wamepewa hifadhi. Mvi, ambazo katika ngano zilikuwa ishara ya mwenye ufunguo, zimegeuzwa hati ya kifo.

Sitasema kuwa hadithi ndizo zilizowaua. Waliowaua ni watu, na wenye tamaa ya shamba hawangojei kusoma riwaya. Ninalosema ni kwamba muuaji anahitaji kiolezo cha kuficha tamaa yake, na kwamba jamii iliyosahau kizee wake wa njiani imemwachia kiolezo kimoja tu. Ngano zetu wenyewe zilikuwa na utetezi. Zilimwambia kijana waziwazi: ukimcheka mwenye tongo, nyoka wako ameshaingia kapuni. Tumeuacha utetezi huo ukafie vitabuni.

Wala simtoi hatiani kila msimulizi wa kale. Vikale vya kwetu vina dhulma zao. Mtumwa katika ngano nyingi yupo ili kutumwa tu. Mtu wa shamba huchekwa na mtu wa mjini. Na kila kijana wa Mombasa amesikia habari za yule mrembo wa usiku, aliyejifunika buibui, ambaye dereva akitazama chini huona kwato za mnyama. Kisa hiki huwatisha wanaume wasizurure, nalo si jambo baya. Lakini ni mwanamke anayefanywa jini, na mwanamume aliyemfuata gizani haulizwi lolote. Basi kuvithamini vikale vyetu si kuvisujudia. Ni kuvihoji kwa Kiswahili.

WAANDISHI WALIOTUTANGULIA

Kazi hii haianzi leo. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, alibuni nchi nzima inayoelea angani, na humo Karama akasimama kizimbani mbele ya Waziri Majivuno. Mwaka uliofuata, katika Adili na Nduguze, aliwapa wahusika majina ambayo ndiyo violezo vyenyewe: Adili, Hasidi, Mwivu. Ndugu wawili wa Adili hugeuzwa manyani kwa khiana yao, naye analazimishwa kuwapiga kila usiku, akilia. Asili ya kisa imo katika Alfu Lela u Lela, lakini kule waliogeuzwa walikuwa mbwa. Mwandishi wetu alichagua mnyama anayefanana na mtu.

Hatimaye, mwaka 1995, mwana wa Pwani Katama Mkangi alitoa riwaya ambayo mtu mmoja, Dzombo, anarushwa kutoka dunia yake akafika sayari nyingine. Jina la sayari hiyo ni Walenisi. Litamke polepole: wale ni sisi. Ni muhtasari bora wa fasihi yote ya njozi ninaoujua. Zimwi, nunda, kizee na jini wa kwato hawaishi mbali. Wale ni sisi.

LA KUFANYA

Nawaomba walimu wenzangu jambo jepesi ambalo halihitaji fedha. Kabla ya kumpa mwanafunzi insha ya kubuni, mtumeni kwanza kwa bibi, iwe ni Kuze, Majengo au ng'ambo ya Likoni, akusanye ngano moja na aiandike kama alivyoisikia, pamoja na paukwa na pakawa yake. Kisha aulizwe maswali manne. Mwovu alitoka wapi, mbali au nyumbani? Msaidizi alilipwa nini? Msimulizi alitumia A wapi, na LI wapi? Na ni nani katika kisa hiki anayeonewa bila ya mtu kusema? Baada ya hapo, amlete na Gandalf wake tumketishe kando ya kizee, tuone wanavyofanana. Naamini watasalimiana kama jamaa.

Nanyi wanafunzi, andikeni njozi. Andikeni majoka mkitaka, lakini muwe mmeuliza joka hilo limekula nini na ni nani aliyelilisha. Na mkikutana njiani na bibi mwenye mvi na macho yaliyowekundu kwa moshi wa kuni, mpokeeni mzigo wake. Huo ndio mtihani wa kwanza wa fasihi, na hausahihishwi kwa kalamu nyekundu.